Mtu Aliyekuja Kukagua Maisha Yake

Chanika ukisikia mtu anaulizwa kwa majina matatu, ujue kuna kesi. Sie huku tuna jina moja moja, tena la kupewa: Mama Chapati, Fundi Bomba, Mzee Masjala. Majina matatu ni ya mahakama, ya wodini na ya jenezani, na hakuna hata pamoja kati ya hapo panapotoka habari njema. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, mgeni mwenye koti la kahawia na mfuko wa salfeti wa kubebea mbolea aliposimama mbele ya duka la Hamoud akasema kwa lafudhi ya Kihaya, "Samahani waitu, namtafuta Projestus Kamugisha Rwechungura, mtumishi wa serikali," duka zima lilimgeukia. Hata mama aliyekuwa akilalamikia unga alisahau analalamikia nini.

Hamoud, ambaye babu yake aliuza sukari Kariakoo, baba yake akauza sukari Kipawa na yeye anauza sukari Chanika, maana mji huu wa Dar kila ukipanda bei huwasukuma wauza sukari wake nje kidogo, alijibu kama ukoo wake wote ulivyomfundisha.

"Simjui."

"Wameniambia anakaa huku huku. Anafanya kazi masjala."

"Masjala nd'o wapi? Mie najua Masaki, na hiyo iko mbali, hutafika na viatu hivyo."

Mgeni akashukuru, akaenda kuuliza kwa fundi cherehani. Hamoud akachukua simu akampigia Projestus Kamugisha Rwechungura.

"Mzee Masjala, shikamoo. Kuna mtu anakutafuta kwa majina yako yote."

"Amevaaje?"

"Koti la kahawia. Ana mfuko wa salfeti."

"Ana faili?"

"Faili sijaliona."

"Kama hana faili basi si serikali," akasema Mzee Masjala, akakata simu, akafunga madirisha yote manne na jua likiwa linawaka.

Masjala ni chumba cha wizara kinachotunza mafaili. Waziri huja na kuondoka, katibu mkuu huja na kuondoka, lakini karani wa masjala yupo, na karani akishasema "faili halionekani", basi jambo lako halijawahi kutokea duniani. Mzee Masjala alikuwa amekaa kwenye chumba hicho miaka thelathini na tano. Alikuwemo viwanja vya Mikocheni vilipokuwa vichaka, na alikuwemo vilipoota ghorofa. Siku yake ya kwanza kazini alikabidhiwa faili lililoandikwa "Kuhamia Dodoma", nalo lilikuwa tayari juzuu ya tano. Kila mwaka alilipangusa vumbi na kulirudisha mahali pake. Mji mkuu ulikuwa umeshahama kwenye karatasi tangu mwaka sabini na tatu, ila mawaziri, mabalozi na foleni zao walikuwa hawajapata taarifa. Dodoma ilikuwa na cheo, Dar ilikuwa na kazi, na kwa miaka arobaini na kitu hakuna aliyeona ajabu.

Siku faili lile lilipotoka masjala kweli kweli, malori yakapakia makabati, wenzake wakaaga, mama ntilie wa nje ya geti wakabaki na masufuria ya wali na hakuna mvaa tai hata mmoja wa kuula. Yeye aliomba abaki. Wizara iliacha ofisi ndogo mjini na shehena ya mafaili ya zamani ambayo hakuna aliyetaka kuyabeba, na Mzee Masjala akajitolea kuyalinda. Kila siku anaondoka Chanika alfajiri kwenda kulinda vumbi la mji mkuu.

Tulimwona mtu wa ajabu. Alikataa kupandishwa cheo mara tatu. Harusini alikuwa akisimama nyuma ya mtu mrefu wapiga picha wakikaribia. Alikuwa akiandika namba za pikipiki zilizosimama karibu na nyumba yake, na karani wa sensa alihojiwa na yeye mpaka akasahau maswali yake. Zaidi ya yote, mtaani tulijaribu kumwita nshomile, jina tunalowatania Wahaya wote kwa usomi wao, akakataa. "Msiniite hivyo," alisema. Jamani, Mhaya gani anakataa kuitwa msomi? Hapo ndipo wengine walipoanza kusema ana majini.

Hakuwa na majini. Alikuwa na jina la mtu.

Mwaka themanini, huko Muleba, kijana aitwaye Theonest Bagenda alifeli darasa la saba. Enzi hizo sekondari zilikuwa za kuhesabu, na kurudia darasa ilikuwa marufuku. Aliyefeli alikabidhiwa jembe na hotuba ya kujitegemea. Lakini kulikuwa na njia, na kila Mtanzania wa rika lile anaijua ingawa hatakwambia: unahamia shule ya mbali, unaingia kwenye nafasi ya mtoto aliyetoroka, unafanya mtihani kwa jina lake. Mjomba wa Theonest alikuwa mwalimu. Shuleni kwake kulikuwa na mtoro mmoja wa darasa la sita, Projestus, aliyeacha daftari akaenda kubeba kahawa ya magendo kuvuka mpaka. Theonest akachukua jina, akachukua tarehe ya kuzaliwa, akachukua baba, akachukua mama. Akafaulu. Akasoma sekondari kwa jina hilo, akaajiriwa kwa jina hilo, akaoa kwa jina hilo. Miaka ile serikali ilipohakiki vyeti na watu wakawa wanaanguka kama maembe, yeye alikonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu matatu, lakini alipita. Cheti chake kilikuwa halali kabisa. Feki alikuwa mtu.

Sasa alibakiza miezi kumi na minane astaafu. Mtu mmoja tu akifungua mdomo, kazi imekwenda, kiinua mgongo kimekwenda, na uzeeni angekula ugali wa gerezani. Na mtu huyo alikuwa akipiga hodi getini.

Aliyefungua ni mkewe, Atuganile, Mnyakyusa anayefundisha Maarifa ya Jamii shule ya msingi, mwanamke ambaye hata uwongo wa darasa la nne haumpiti.

"Namtafuta Projestus," akasema mgeni.

"Hayupo. Kaenda msibani Kisarawe." Hivyo ndivyo alivyoagizwa aseme.

"Basi nitamngoja." Akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa, akaanza kutazama. Akatazama paa. Akatazama kisima. Akanyanyuka, akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza.

"Hii nyumba yake?"

"Yetu."

"Vyumba vingapi?"

Atuganile akaanza kupiga hesabu. Mtu wa kodi? Mtu wa kodi hasafiri na salfeti. Kaka wa mwanamke fulani? Hilo lilikaa vizuri zaidi. Alimtazama usoni kutafuta mtoto anayefanana naye.

"Vitatu. Wewe ni nani yake?"

"Ana watoto?"

"Mmoja. Binti, Hope. Yuko chuo cha uhasibu."

Mgeni akavua kofia. "Alaa," akasema polepole, kama anajisemea. "Kumbe nina mtoto chuo."

Atuganile aliingia ndani, akafungua mlango wa chumbani, akamkuta mumewe amesimama nyuma ya kabati na koti la kazini mkononi.

"Baba Hope, toka. Huko nje kuna mwanamume anasema Hope ni mtoto wake, na mie simjui. Kwa hiyo mwenye maelezo ni wewe."

Alitoka. Wanaume wawili wakatazamana, wote mvi, wote vipara vya mbele, mmoja mikono laini ya karatasi na mwingine mikono kama magome.

"Projestus," akasema mgeni.

"Naam."

"Mimi pia."

Hapo Mzee Masjala alikaa chini.

Mgeni akaeleza bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kulikomtia wasiwasi mwenyeji. Alikuwa amekwenda kuomba kitambulisho huko kwao. Kompyuta ikamkataa. Ikasema Projestus mwenye baba huyo na mama huyo anacho kitambulisho tayari, yuko Dar es Salaam, mtumishi wa umma wa siku nyingi. Akaambiwa anajifanya yeye mwenyewe, na akirudi tena ataitiwa polisi.

"Wengine wangeudhika," akasema. "Mimi nilifurahi kidogo. Pale kijijini wananiita mlevi. Nikasema kumbe kuna mahali nipo na ninafanya vizuri! Nikauza mbuzi nije nijione."

"Na umejionaje?" akauliza Atuganile, sauti kavu.

"Si vibaya, shemeji. Nilidhani nitakuwa na gari."

Atuganile akamgeukia mumewe. "Ngoja kwanza. Kanisani mchungaji aliuliza, Projestus, unampokea Atuganile? Nani aliitika?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Kuku wakapita.

"Shemeji," akasema mgeni, "kama ni mimi niliyeitika, sikumbuki, lakini nashukuru."

"Wewe nyamaza!" wakamwambia wote wawili.

Mzee Masjala akaanza kujitetea kama wizara inavyojitetea, kwa kurudi nyuma sana. Alisema hata mji huu uliitwa Mzizima, akaja sultani akaubatiza Dar es Salaam, na hakuna aliyemshitaki. Alisema makao makuu yenyewe Wajerumani waliyatoa Bagamoyo wakayaleta hapa, na sie wenyewe tukayatoa hapa tukayapeleka Dodoma, na bado wanafunzi wa mke wake kwenye mtihani wanajibu mji mkuu ni Dar.

"Na nawakosesha," akasema Atuganile. "Tena mji hauna mke. Miaka ishirini na saba nimepiga pasi mashati ya mtu nisiyemjua!"

"Unataka nini?" Mzee Masjala akamwuliza mgeni. Alishamshuku vya kutosha. Alitaka kusikia bei. "Sema tu. Kiwanja? Kuna nusu eka nyuma pale."

"Nitafanyia nini nusu eka? Sina kitambulisho, nitaiandikisha kwa jina gani? Laini ya simu nasajiliwa na jirani. Kahawa yangu ameiuza jirani. Nikiugua, anaugua jirani." Mgeni akaivaa kofia yake. "Nataka kuwepo."

"Basi unataka jina lako."

"Hilo? Aka. Umelitumia mno, limekwisha makali. Tena wakinirudishia hilo watanipa na ofisi yako, nami sijui kuandika vizuri. Nataka lako la mwanzo. Yule Theonest, unamfanyia nini?"

"Faili hilo lilifungwa," akasema Mzee Masjala.

"Lifungue. Kule kwetu siwezi, wananijua. Huku mtu akiulizwa kwao anataja kituo cha basi. Wewe nikaribishe, nitambulishe, niwe Theonest wa Chanika, kisha nirudi zangu. Usipotaka sikulazimishi." Akanyanyua salfeti yake. "Ila itabidi Jumatatu niende kazini kwangu nikaeleze."

"Kazini kwako wapi?"

"Si masjala?"

Jumapili ilikuwa ndefu. Mtaani tulikuwa na matoleo manne: kwa Hamoud mgeni alikuwa mpelelezi, kwa fundi cherehani alikuwa pacha aliyetupwa, kanisani alikuwa mdai, na Mama Chapati aliapa ni wa mizimu, kwa kuwa alimwona anahesabu madirisha. Hamoud alipeleka sukari ambayo hakuna aliyeiagiza ili aone, akarudi akasema wanaume wawili wamekaa kwenye jamvi, na Mzee anamsomea mgeni masharti.

Ni kweli. Mzee Masjala alikuwa ameyaandika kwenye karatasi yenye mstari pembeni, kama waraka. Mosi, asikopee jina hilo. Pili, asiligombeshe, yaani asiingie kwenye kura za chama chochote. Tatu, pombe iwe kwa kiasi.

"Kiasi gani?"

"Asiyemfahamu Theonest asije akamfahamia mtaroni. Mimi sikuliharibu lako, nawe usije ukaniharibia jina langu."

Atuganile alikuwa amenuna tangu jana yake. Aliposikia hilo alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mwizi anaomba risiti!" akasema. Halafu akamwekea mgeni ndizi, maana hasira na njaa ya mtu ni vitu viwili.

Lakini Mzee hakula. Jambo moja lilikuwa likimkereketa na hakulielewa. Jina lile lilikuwa limelala miaka arobaini na zaidi, halina kazi, halina cheti, limefeli. Kwa nini lilikuwa zito hivyo kulitoa? Akamshuku mgeni. Akashuku kwamba kuna kitu mgeni anajua na yeye hajui: shamba lililosahauliwa, urithi, kesi. Alimwuliza mara tano. Mara ya tano mgeni akajibu, "Waitu, wewe umekaa na mafaili mno."

Jumatatu Mzee Masjala hakwenda kazini, kwa mara ya kwanza tangu malori yaondoke. Alivaa tai, akamchukua mgeni wake, wakaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji ni Zubeda, mwanamke wa miwani ya kamba, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akigonga muhuri kwa uchungu kama anachanjwa.

"Mzee Masjala! Shikamoo. Leo mji mkuu umeachiwa nani?"

"Marahaba. Nimemleta ndugu yangu. Anahamia hapa. Anataka barua ya utambulisho akaombee kitambulisho."

"Ndugu wa damu?"

"Wa... wa karibu."

Zubeda akavuta fomu. "Jina kamili?"

Mgeni akamtazama Mzee. Mzee akatazama kalenda ya ukutani.

"Theonest Bagenda," akasema mgeni.

"Unaandikaje Theonest?"

"T," akasema mgeni, akakwama.

"H," akasema Mzee Masjala haraka. "Kuna H baada ya T. Watu wengi wanaisahau."

Zubeda akashusha miwani. "Yeye hana ulimi?"

"Anao."

"Elimu?"

"Darasa la saba," akasema Mzee. "Alifeli."

"Nilifeli?" mgeni akashangaa. Yeye alikuwa ameishia la sita. "Basi si haba, nimepanda."

"Mbona mnaulizana? Miaka yote hii umekaa wapi bila kitambulisho, baba?"

"Shamba, mama. Nilikuwa nikitumia cha jirani."

Zubeda akaandika kitu pembeni ya fomu, na Mzee Masjala, aliyesoma maandishi ya watu kichwa chini maisha yake yote, aliona ameandika alama ya kuuliza. Wakati ule angeweza kusimama, akasema amekosea, akaondoka. Hakusimama. Miezi kumi na minane si mingi ukiihesabu ukiwa umekaa.

"Jina la baba?"

"Bagenda," akasema Mzee. "Bagenda Mutalemwa."

"Jina la mama?"

Mgeni akamgeukia. Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Jumapili nzima walizungumzia pombe na kura.

Tangu mwaka themanini Mzee Masjala alikuwa amejaza fomu zisizo na idadi: za shule, za ajira, za ndoa, za sensa, za bima, za kuzaliwa Hope. Kila penye jina la mama ameandika la mama wa huyu bwana, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa kazini. Ruhusa aliomba ya mazishi ya shangazi, kwa kuwa kwenye faili mama yake alikuwa mwingine na alikuwa hai.

"Jina la mama, jamani. Kuna watu wanangoja nje."

"Kokutona," akasema Mzee Masjala. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia, maana Zubeda hakusikia, au kwa sababu alitaka kulisema tena. "Kokutona."

"Kwa K mbili?"

"Moja mwanzo, moja katikati."

"Yu hai au amefariki?"

"Amefariki. Mwaka tisini na tisa, mwezi wa Machi."

Mgeni akavua kofia. Akamshika Mzee Masjala begani. "Pole," akamwambia.

Kalamu ya Zubeda ikasimama. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Samahani," akasema. "Mama si wa kwako wewe? Mbona pole unampa yeye?"

Nje watu walikuwa wakikohoa kwenye foleni. Mgeni alibaki ameshika kofia, mdomo wazi, mtu wa siku moja aliyefiwa mwaka tisini na tisa. Zubeda alikuwa ameshauinua muhuri, lakini hakuugonga. Alikuwa akingoja.

Mzee Masjala akanyanyuka. Akauchukua mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, kama inavyopasa kwa mwenye msiba.

"Pole sana, Theonest," akasema. "Pole na mama."

"Asante," akajibu Theonest. "Tumeshapoa."

Zubeda akagonga muhuri.